Pikapu Iliyofuka Pamba

Nyamizi alikuwa wa kwanza kukiona kitu cheupe kwenye mdomo wa bomba la moshi la pikapu. Hakuwa akitafuta kitu. Alikuwa akifagia mbele ya duka la spea la Mudathiri, mjini Bariadi, huku akitazama chini kama kawaida yake. Tangu utotoni aliona haya kuwatazama watu usoni, kwa hiyo wengi aliwajua kwa viatu vyao, na magari aliyajua kwa matairi na mabomba yao. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo, kama bisi moja. Alikigusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa pamba, bado ina joto, na haikuwa na masizi hata kidogo.

Pikapu ilikuwa ya mjomba wake Maduhu, mpimaji wa pamba wa kijijini kwao.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu Maduhu kwa Kisukuma akishuka.

"Mwangaluka, mjomba."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

"Baba Naila yupo? Gari limeanza kupiga kelele, halafu linatoa pamba."

"Yupo ndani, anakunywa chai."

Mudathiri, ambaye ndiye Baba Naila, alitoka na kikombe mkononi. Aliinama, akachungulia bomba, akainuka taratibu kwa sababu ya kiuno.

"Tangu lini?"

"Kelele ni tangu juzi. Pamba ilianza msimu uliopita, ila ilikuwa kidogo. Nilidhani itaisha yenyewe."

"Hiyo ni sailensa," alisema Mudathiri. "Imeoza."

Gereji ilikuwa ubavuni mwa duka. Fundi Januarius alilipiga jeki lile gari, akajilaza chini yake, akafungua sailensa, lile tumbo la chuma linalokaa katikati ya bomba na kumeza kelele za injini. Alipoitoa ilikuwa nzito kuliko ilivyotakiwa, ikabidi Maduhu amsaidie kuibeba. Januarius akaikata kwa msumeno. Ndani ilikuwa imeshindiliwa pamba kutoka upande huu mpaka upande ule, pamba yenye mbegu zake, kama inavyotoka shambani.

"Imejaa," alisema Januarius.

"Naona," alisema Maduhu.

"Niliwahi kuletewa lori dogo kutoka Lamadi, lilikuwa linatoa magamba ya samaki. Tukalibadilishia sailensa, likatulia."

"Likaacha?"

"Halikuacha. Lilitulia."

Maduhu alisema hata yeye kutulia kunamtosha. Baada ya siku chache wakulima wa kijiji wangekutana kumchagua mpimaji wa msimu mpya, na hakutaka kufika mkutanoni na gari linalotapika.

Basi Mudathiri alizitoa sailensa alizokuwa nazo zinazoweza kukaa kwenye pikapu ile, akazipanga kwenye turubai. Moja ilikuwa ya mtumba, imetoka Japani, ndefu na nyembamba. Nyingine ilikuwa nene, imetolewa kwenye lori. Ya mwisho ilikuwa inang'aa kama sufuria jipya. Iliagizwa na kijana mmoja aliyetaka gari lake lingurume, kisha gari lenyewe likauzwa kabla hajaja kuichukua. Maduhu alizizunguka kama mtu anayechagua dume mnadani. Alizipiga makofi tumboni, akachungulia midomoni, akarudi nyuma kuziangalia zilivyosimama.

"Hii ya lori ina kifua," alisema.

"Sailensa haina kifua, mzee," alisema Januarius. "Tuzijaribu."

Waliifunga kwanza ile ya Japani. Maduhu akamwambia Nyamizi apande nyuma, atazame kama pamba itatoka, kwa kuwa yeye ana macho ya chini. Mudathiri akamruhusu. Nyamizi aliweka ufagio ukutani, akapanda, akakaa kwenye tairi la akiba akiielekea barabara inayoachwa nyuma.

Alipenda kumsaidia mjomba wake. Baba yake Nyamizi alipofariki, Maduhu ndiye aliyesimama mahali pake. Alileta mahindi, alileta mbao za jeneza, na wagonjwa wa kijiji kizima aliwapeleka hospitali kwa pikapu hiyo hiyo bila kudai kitu. Tena alikuwa mcheshi, na watu wenye haya hupenda kukaa karibu na watu wacheshi, kwa kuwa hapo hawaulizwi kitu.

Sailensa ya Japani ilikuwa ya kimya kabisa. Gari liliteremka kuelekea Somanda kama baiskeli. Pamba ilitoka uzi mmoja mrefu, bila kukatika, ikajilaza juu ya lami kama mstari uliochorwa na mtu mwenye mkono mzuri. Mbuzi waliuona, wakaanza kuufuata wakila. Na kwa sababu gari lilikuwa kimya, kila mtu aliweza kuuliza swali lake na likasikika.

"Maduhu, pamba ya nani hiyo?"

"Ya gari."

"Gari nalo lina shamba siku hizi?"

"Waulize mbuzi, wao wameshaionja."

Walirudi dukani na mbuzi nyuma yao. Maduhu alisema sailensa ni nzuri ila inakaribisha maongezi.

Ile ya lori ilimfurahisha zaidi, kwa sababu haikutoa kitu. Walizunguka stendi, wakapita mbele ya msikiti, wakarudi kwa njia ya sokoni, na Nyamizi alipiga bati mara moja kumjulisha kuwa hakuna. Maduhu alianza kupiga mluzi. Mbele ya banda la Rahma, muuza magodoro na mito, pikapu ilikohoa, ikatoa donge moja la pamba lenye ukubwa wa kondoo. Donge lilibingirika mpaka kwenye miguu ya Rahma. Yeye alikuwa akihesabu foronya, akaacha, akalitazama, akachukua kiroba.

"Kaka Maduhu, ukipita tena pita hapa hapa," alisema. "Usiende kwa yule wa pale kona."

Rahma hakuwa mtu wa kujaza mto bila kukagua. Alitandika shuka jeupe, akaikung'utia pamba ile juu yake, akachambua kwa vidole. Wakulima waliokuja mjini kununua kamba na majembe walisogea kutazama. Mmoja wao alikuwa Masunga, jirani wa mama yake Nyamizi.

"Ina mchanga?" aliuliza Masunga.

"Hata punje," alisema Rahma. "Pamba safi kama ya mtu anayejiheshimu."

Masunga akamgeukia Maduhu, aliyekuwa bado ameshika usukani.

"Mbona mimi ulinikata uzito, ukasema yangu ina mchanga?"

"Nilikukata mchanga, sikukukata pamba."

"Sasa mchanga wenyewe uko wapi?"

"Mchanga ni mzito, Masunga. Umebaki kwenye injini."

Watu walicheka sana. Ni kweli wapo wakulima waliotia mchanga na maji kwenye pamba ili izidi uzito, wote wakijulikana, na hao ndio waliocheka zaidi. Masunga naye alicheka, kwa sababu lilikuwa jibu zuri. Halafu aliomba lifti ya kurudi kijijini jioni, akakubaliwa.

Ilibaki ile inayong'aa. Januarius aliifunga akiwa na mashaka, akaziba masikio, akamwashiria Maduhu awashe. Mabati ya duka yalitetemeka. Kuku walihama gereji. Pamba ilitoka kwa nguvu, ikapanda juu kuliko nguzo za umeme, ikachanika vipande vipande kule juu, na upepo ukaichukua. Watu wote wa mtaa waliinua nyuso zao. Ilikuwa nyeupe, imetawanyika, inakwenda polepole upande wa Lamadi.

"Hali ya hewa imekuwa nzuri," alisema Mudathiri kwa sauti kubwa, ili asikike.

"Nini?"

"Nasema hali ya hewa!"

Maduhu alilizima gari. Alikuwa anatabasamu. Alisema hii ndiyo aliyokuwa akiitafuta, maana mtu akiuliza swali hasikii hata yeye mwenyewe, na anayeiona pamba anaiona angani, haioni kwenye gari. Alilipa, akampa Nyamizi soda, akaondoka akinguruma. Nyamizi alichukua ufagio wake. Chini, mbele ya duka, hapakuwa na kitu cha kufagia.

Tangu siku hiyo pamba ilinyesha kila Maduhu alipopita. Iliangukia mabati, miiba ya mazizi, migongo ya ng'ombe na nguo zilizoanikwa. Wanawake waliizoea wakaanza kuanua nguo wakisikia mngurumo. Hakuna aliyelala tena bila mto. Rahma alinunua cherehani ya pili, na kwa kuwa pamba ilikuja na mbegu, akatangaza kuwa anatafuta binti wa kukaa kwake na kuchambua mbegu kutwa.

Jumapili Nyamizi alikwenda kijijini kumwona mama yake, Nyanjige, na mdogo wake, Shida. Alimkuta mama uani, amepiga magoti, anaokota. Kipande alichoshika hakikuwa cheupe kabisa. Kilikuwa na rangi ya bluu, hafifu sana, kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Hii ni yetu," alisema Nyanjige.

Nyamizi aliitambua naye. Kuna mwaka walikosa magunia, mama akaifunga pamba yao kwenye kitenge chake kipya cha bluu. Njiani kwenda kwenye mizani manyunyu yaliwapiga, kitenge kikachuja rangi. Mwaka huo Nyamizi alikuwa darasa la sita. Nyanjige alikuwa na uhakika na furushi lake, kwa kuwa alilibeba kichwani mwenyewe, na shingo yake ilijua uzito wake. Mizani ikasema vingine. Wakulima waliokuwepo waliitazama mizani, wakatikisa vichwa, wakasema pamba ya mwaka huu ni nyepesi. Muhula uliofuata Nyamizi hakurudi shule. Alikwenda Bariadi kufagia.

Lakini siku ile, wote walipotazama juu kwenye mshale wa mizani, Nyamizi alikuwa ametazama chini. Aliona viatu vya mjomba wake. Aliona kisigino cha kulia kikiinuka kidogo, na goti likiingia chini ya furushi, taratibu, kama mtu anavyomshikilia mtoto asianguke. Mshale ulipokwisha kusomwa, goti lilitoka. Hakumwambia mtu. Mjomba alimpa kipande cha muwa, akakila.

Sasa Nyanjige aliikunja ile pamba ya bluu kwenye ncha ya kanga.

"Kidogo kidogo itarudi yote," alisema. "Juzi nimeokota nyingine kule kisimani."

"Utaifanyia nini, mama?"

"Nimemshonea Shida mto. Analala vizuri, tena anaamka mapema kwenda shule."

Shida alikuwa ndani, anasoma kwa sauti ya juu kitu kuhusu mito na maziwa. Alikuwa darasa la sita. Nyanjige alisikiliza kidogo, kisha akasema jambo lingine kwa sauti ile ile, kama mtu anayeomba chumvi.

"Pamba ya mwaka huu ikitosha, atamaliza. Isipotosha, Rahma anatafuta binti. Nimeshaongea naye. Ni mtu mzuri."

"Ndiyo, ni mtu mzuri," alisema Nyamizi.

Mkutano wa wakulima ulifanyika chini ya bati la ghala. Maduhu alifika akisikika tangu mbali, na wazee walisubiri mpaka pamba imalize kuwatulia mabegani ndipo wakafungua kikao. Mmoja alisema gari la mpimaji linatoa pamba, na kwamba pamba hiyo huenda ni ya wakulima. Wengine walikubali kuwa ni ya wakulima, hilo halikuwa na ubishi. Wapo walioitambua yao kabisa. Masunga alisimama akasema yeye ameshapata mito minne. Bibi mmoja akauliza nani mwingine ana gari la kuwapeleka wagonjwa. Hakupatikana. Maduhu akachaguliwa kwa mikono yote, naye akawashukuru, akasema safari hii hapatakuwa na manung'uniko, kwa sababu mizani mpya ya betri imekuja, inayoandika namba nyekundu zenyewe, haina mshale wa kupinda.

Mkaguzi wa mizani alikuja kutoka mjini. Aliining'iniza mizani, akaijaribu kwa mawe yake ya chuma, akaikuta haikosei, akabandika stika. Goti hakulikagua, kwa kuwa halimo kwenye kazi yake.

Siku ya kupima, Nyamizi aliomba ruhusa dukani, akapanda pikapu ya mjomba wake kutoka Bariadi. Hakuna aliyezungumza njiani kwa sababu ya sailensa. Alikaa nyuma, pamba ikipaa juu ya kichwa chake, akatazama barabara. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alijaribu neno moja, akajaribu jingine, na mngurumo ukayachukua yote, hata yeye mwenyewe hakuyasikia.

Ghalani watu walikuwa wamepanga foleni ya mafurushi. Maduhu aliacha gari linanguruma karibu na mlango, maana betri yake ilikuwa mbovu na aliogopa halitawaka tena. Alipima la Masunga. Alilikumbatia kwa nyuma ili lisiyumbe, kama alivyofanya miaka yote, namba nyekundu zikawaka, Masunga akatikisa kichwa akasema pamba ya mwaka huu ni nyepesi. Alipima la yule bibi. Nalo lilikuwa jepesi. Karani wa ghala aliandika. Nje pamba ilikuwa inapanda angani kwa wingi kuliko kawaida, na ng'ombe waliokuwa wakipita njiani walikuwa wanageuka weupe mmoja mmoja.

Ikafika zamu ya Nyanjige. Alikuwa amelibeba furushi mwenyewe, na Shida alimsaidia kulitua. Shida alikuwa amevaa sare ya shule, kwani angepitiliza huko. Waliliinua, wakalitundika kwenye ndoano. Namba ziliwaka, zikaanza kucheza. Zilipanda, zikashuka, zikapanda. Hazikutaka kusimama.

"Ni kelele," alisema karani. "Nguzo inatetemeka."

Maduhu alizitazama kidogo. Kisha akapata suluhisho.

"Mpwa wangu," alimwita Nyamizi, "nenda kazime gari. Namba zinacheza."

"Halitawaka tena, mjomba."

"Tutasukuma. Watu wapo."

Nyamizi alikwenda. Aliingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo. Mngurumo ulikatika. Pamba ya mwisho ilitoka kwenye bomba, ikakosa nguvu ya kupaa, ikaanguka pale pale chini. Ghala lote likawa kimya kiasi kwamba mtu aliyekuwa anamenya karanga aliacha. Namba zilitulia. Zilikuwa namba nzuri. Nyanjige alizitazama, na shingo yake ikakubaliana nazo.

"Subiri, linayumba," alisema Maduhu, akalikumbatia furushi kwa nyuma.

Watu wote waliinua macho kwenye namba. Nyamizi alirudi, akasimama kati ya mama yake na mdogo wake, akatazama chini. Aliona ndala za mama, moja imefungwa kwa waya. Aliona soksi za Shida, ya kushoto imeshuka. Aliona viatu vya mjomba wake, vile vile vya kahawia, na kisigino cha kulia kikiinuka kidogo, na goti likiingia mahali pake, suruali imenasa nyuzi nyeupe.

Namba zilianza kushuka. Karani alishika kalamu.

Nyamizi alisema kwa sauti ile anayoitumia kuwauliza wateja kama wanataka chai, na kwa kuwa gari lilikuwa limezimwa, kila mtu alimsikia:

"Mjomba, toa goti."